Alama ya Mzee Abdallah

"Ya nani hii?"

Hapo ndipo nilipowaacha, na najua mmenikasirikia wiki nzima. Nisameheni. Shika kikombe chako vizuri, tunaendelea pale pale, mbele ya mashine ya ukaguzi, uwanja wa ndege wa Mtwara, mchana kweupe.

"Nauliza tena, ya nani?"

Aliyeuliza ni mlinzi wa kike, mnene kidogo, sare imenyooshwa kwa pasi, jina MODESTA kifuani. Mkononi ameinua pawabenki nyeusi. Kwenye pawabenki kuna waya, na mwisho wa waya inaning'inia simu ya zamani, kioo chake kinawaka.

"Yangu," Mwanaidi alisema. "Dada, nakuomba kwa jina la Mungu, usichomoe huo waya."

Jamani! Hayo ni maneno ya kumwambia mlinzi wa uwanja wa ndege? Foleni nzima iligeuka. Baba mmoja alimvuta mwanawe nyuma. Modesta aliishusha ile pawabenki mezani polepole, kama anayeshusha yai.

"Kwa nini nisichomoe?"

"Simu itazimika."

"Simu zote zinazimika, dada."

"Hii ikizimika, mume wangu amekwisha."

Sasa, kama wewe umeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, labda umefungiwa maandazi, nikueleze kwa kifupi usije ukabaki unashangaa. Faraji, mume wa Mwanaidi, yuko mahabusu. Anatuhumiwa kuchoma ghala la korosho kijijini kwao, nje kidogo ya Nanyamba, na kesi imehamishiwa Dar es Salaam. Kesho asubuhi ndiyo nafasi ya mwisho ya utetezi kuleta ushahidi wake.

Ushahidi wenyewe umo ndani ya simu hiyo. Ni picha ya video aliyoipiga mlinzi wa ghala, Mzee Abdallah, asubuhi ile ya moto. Siku hiyo hiyo presha ilimwangusha mzee wa watu, akapooza, ulimi ukafungwa. Alilala miezi bila kusema. Juzi tu, Mwanaidi alipokwenda kumjulia hali, mzee alijifunika shuka na simu yake, akaifungua kwa mkono mmoja uliobaki mzima, akamkabidhi ikiwa wazi, kidole kinatetemeka juu ya picha ya ghala. Kesho yake akakata roho. Jana wamemzika.

Na mchoro wa kufungulia ile simu amekwenda nao kaburini.

Betri ya simu imekufa, inaishi kwa waya. Ukichomoa, inavuta pumzi mbili tatu, inazima. Lukasi wa kibanda cha kuchajia simu aliitengeneza kioo kisijifunge chenyewe, lakini ikizimika na kuwaka upya inadai mchoro. Wakili kule Dar naye kasisitiza: leta simu yenyewe, usiguse kitu, usifungue kitu, picha ya kurushwarushwa mahakamani wataikataa. Mabasi ya kwenda Dar hayatembei, mafuriko yamekata barabara. Ndiyo maana binti wa Nanyamba, ambaye ndege alikuwa akiiona juu tu, leo amesimama hapa kijasho kinamtoka.

"Sikia," alisema Modesta. Hakuwa mtu wa kelele. "Kuiweka kwenye mkoba wa mkononi umefanya vizuri. Ungeiweka kwenye begi la kupakia chini, ningekuwa nimeshakuita kwa kipaza sauti. Lakini hii haina maandishi."

"Maandishi gani?"

"Ya uwezo wake. Kila pawabenki imeandikwa inabeba umeme kiasi gani. Ikizidi kiwango, haipandi. Ikiwa haijulikani, haipandi vilevile. Wewe yako imepakwa rangi juu."

Ni kweli. Mgongo mzima wa pawabenki ulikuwa umepakwa rangi ya kucha, nyekundu ya kukolea, na katikati ya wekundu huo alama nyeupe imechorwa kwa mkono.

"Si ndiyo alama ya mwenyewe," Mwanaidi alijitetea. "Kibandani kwa Lukasi kila chaji ina alama, la sivyo zinabadilishwa. Hii ni ya marehemu."

"Dada, iache." Sauti ilitoka mbele yao. Zuberi, mdogo wake, alikuwa ameshakaguliwa, amesimama ng'ambo ya mashine anafunga mkanda. "Tutanunua nyingine Dar. Ndege itatuacha bure."

Mwanaidi alimtazama asiamini. Zuberi huyu, Mwanaidi ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki, akimbeba mgongoni kwenda naye shamba. Anajua fika simu hii ina nini.

"Wewe, umerogwa? Nikiiacha pawabenki, simu inakufa!"

"Nasema tu, dada."

"Usiseme!"

Modesta aliwatazama wote wawili. "Na kuna mtu aliyekutaja," aliongeza. "Mwenzangu wa mlangoni ameambiwa na abiria kwamba dada mwenye mtandio wa kijani ana betri mbovu mkobani. Ndiyo maana nimeitafuta."

Moyo wa Mwanaidi ulipiga paa! Mtandio wa kijani ni wake. Nani? Nani hapa anamjua?

Mlango wa nje ukafunguliwa. Akaingia mwanamume mrefu mwenye mvi za pembeni, anahema, begi la nguo begani. Wa mwisho kabisa. Mwanaidi alipomwona, damu ilimpanda.

Elisha. Karani wa ghala, mtu wa Njombe, amehamia Nanyamba miaka mingi. Shahidi wa upande wa mashtaka. Huyu ndiye aliyesimama kizimbani akasema aliona koti la rangi ya chungwa likikimbia kutoka kwenye moto, koti la kazi alilopewa Faraji alipokuwa kibarua wa bomba la gesi, na Nanyamba nzima hakuna koti jingine kama lile. Kesho anaitwa tena kuulizwa maswali.

Na Faraji, mtu wa ajabu, alipoulizwa habari za koti alijibu mara moja tu: "Siku ile nilikuwa nimeliazimisha." Ulimwazimisha nani? Kimya. Wakili kambembeleza, kimya. Mwanaidi alilia mbele yake siku nzima ya kutembelea mahabusu, akaishia kumtukana, na Faraji akamwangalia kwa macho ya huruma mpaka muda ukaisha. Tangu siku hiyo kila Mwanaidi akilikumbuka hilo anawaka.

"Yule!" alimnyooshea kidole Elisha. "Yule ndiye aliyenichongea! Hataki nifike!"

Elisha aliduwaa. "Habari za mchana, dada Mwanaidi," alisema.

"Sitaki salamu yako!"

"Haya, basi!" Modesta aligonga meza. "Ugomvi wenu mtaumalizia mbinguni huko. Mimi nataka herufi." Aliinamia pawabenki, akaipitishia kidole. "Kwetu Newala nako mama zetu wanapaka hivi hivi. Hapa chini nasikia michongo. Maandishi yamechongwa, hayakuchapwa. Rangi ikitoka, yanasomeka."

"Inatokaje?"

Modesta alivuta kutoka chini ya meza kasha la vitu alivyowanyang'anya abiria. Humo mna viberiti vya gesi, visu vya matunda, chupa za manukato, mkasi, na pilipili ya kusaga iliyomwagika kidogo. Akachakura, akaibuka na kichupa cha dawa ya kuondolea rangi ya kucha.

"Mwenye hii alinitukana asubuhi," alisema. "Leo itafanya la maana."

Akalowesha kitambaa, akaanza kufuta. Mwanaidi aliushika waya kwa vidole viwili usije ukacheza. Wekundu ukageuka uji uji, ile alama nyeupe ikavurugika, ikapotea. Zuberi alikuwa amesogea mpaka kwenye kamba ya kuzuia watu, hapepesi macho.

"Usiikwaruze, dada yangu, taratibu..."

"Niache nifanye kazi."

Herufi ya kwanza. Ya pili. Modesta aliipeleka pawabenki kwenye mwanga, akakunja uso. Akatikisa kichwa.

Halafu Modesta akacheka!

"Elfu ishirini. Imo ndani ya kiwango, tena inabaki nafasi. Chukua, mwanangu, ukapande ndege yako. Na mkoba uushike mwenyewe."

Mwanaidi alitaka kumkumbatia. Alisema asante mara sijui ngapi, machozi yanamtiririka, akakimbilia chumba cha kusubiria na waya wake mkononi.

*

Mngedhani yameisha. Na mimi ningependa yaishe, maana huyu mwanamke ameteseka vya kutosha. Lakini ngoja.

Walikaa kwenye viti vya mwisho. Zuberi alikuwa amebeba mfuko wa ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha ambayo Faraji aliitamani mno, na Mwanaidi aliichemsha mwenyewe alfajiri. Kijana hakuwa na raha. Alikunywa maji, akasimama, akakaa, akaenda msalani, akarudi na uso umelowa.

"Nipe nikushikie simu, dada. Umechoka."

"Sijachoka."

"Hujalala tangu msibani."

"Nitalala Faraji akitoka."

Baadaye Zuberi akauliza chini kwa chini, "Na kama hiyo picha haina kitu? Mzee alikuwa anaumwa, dada. Labda alikuonyesha tu."

"Mzee Abdallah hakuwa mtu wa kucheza na roho za watu."

"Mimi nasema usije ukavunjika moyo."

"Nivunjike, si moyo wangu? Wewe unaogopa nini?"

Hapo hapo abiria wakaitwa.

Ndege ilikuwa ndogo, viti viwili viwili. Zuberi alikaa dirishani, Mwanaidi kwenye njia. Na nani alikuja kukaa ng'ambo ya njia, bega kwa bega naye? Elisha! Mwanaidi aligeuza uso. Alikuwa ameipakata simu na pawabenki chini ya mtandio, kama mama anayemficha mtoto na jua.

Mlango ukafungwa. Injini zikaanza. Mhudumu wa ndege alipita akikagua mikanda, msichana mwembamba mwenye tabasamu la kazi. Alipofika kwa Mwanaidi, tabasamu likapungua.

"Dada, hapo unachaji simu?"

"Ndiyo. Wameikagua. Wameiruhusu."

"Wameruhusu kuibeba. Kuitumia humu ndani hairuhusiwi. Zinapata moto, zimeshawaka kwenye ndege za wenzetu. Naomba uchomoe."

Mwanaidi alihisi sakafu inazama na ndege haijaondoka.

"Siwezi."

"Dada, ni agizo."

"Siwezi, mwanangu. Mkinichomolea hii mmemfunga mtu asiye na hatia. Nitaishika mkononi, ikipata moto iniunguze mimi."

"Ukiungua wewe, tumeungua wote," alisema mhudumu, na hakuwa mkali. "Ngoja nimwambie rubani."

Akaenda. Abiria wakaanza kuguna. Mmoja nyuma akasema ana mkutano. Mwingine akasema watu wa shamba bwana, acha tu. Mwanaidi alizisikia zote, akaziacha zimpite. Akilini alikuwa anamwona Faraji kwenye lile shati la mahabusu lililombana mabega.

Mhudumu alirudi.

"Rubani anasema hatuondoki. Uchague, uchomoe au ushuke."

Akishuka, ndege nyingine ni kesho jioni, mahakama imeshafunga. Akichomoa, simu imekufa. Mwanaidi alitazama mlango. Akatazama simu. Akafungua mdomo aseme nashuka, nitajua la kufanya, nitatembea kwa miguu ikibidi.

Mkono ulipita mbele yake kutoka dirishani. Ukashika waya. Ukavuta.

"Basi, imekwisha!" alisema Zuberi kwa sauti kubwa. "Imechomolewa. Twendeni."

"Zuberi!"

Mwanaidi aliunyakua waya, akaurudisha, akakosa tundu, akakosa tena. Simu ilitetema mkononi mwake mara moja. Kioo kikawa cheusi.

Alimpiga kofi. Mbele ya watu wote, mtu mzima na ndevu zake, alimpiga kofi lililosikika mpaka kwa rubani. Zuberi hakujikinga. Alilipokea, akageukia dirisha, na ndege ikaanza kutembea.

*

Juu ya ghuba ya Mikindani Mwanaidi hakuona ghuba wala nini. Alilia kimya kimya, mtandio mdomoni. Ng'ambo ya njia mkono mrefu ulinyoosha kitambaa safi.

"Nitolee shari yako," alisema Mwanaidi.

"Ni kitambaa tu, dada."

"Umefurahi sasa? Ulinong'ona habari zangu pale mlangoni, nusura uniweze. Sasa mdogo wangu mwenyewe amekumalizia kazi."

Elisha alikirudisha kitambaa mapajani. "Mimi sikunong'ona kwa mtu. Ulinionaje? Nimeingia wa mwisho, gari liliniharibikia njiani. Nilipofika mlangoni wewe ulikuwa umeshakamatwa."

Ni kweli, Mwanaidi alimwona akiingia anahema, na Modesta alikuwa ameshaambiwa.

Sasa nani?

"Na jambo jingine," Elisha aliendelea. "Mimi kizimbani sikusema niliona Faraji. Nilisema niliona koti. Uso sikuuona, na kesho nitasema hivyo hivyo. Ghala lile lilikuwa na jasho la watu, dada. Nataka aliyelichoma. Awe mumeo, awe mwingine, mimi nataka nimjue."

"Basi utakufa hujamjua. Picha yake imo humu, na humu hamfunguki tena."

"Hiyo ni simu ya marehemu?"

"Ndiyo."

"Poleni sana. Nilikuwa Mtwara mjini, sikuwahi maziko." Alitazama pawabenki mapajani kwa Mwanaidi. "Alama yake mmeifuta?"

"Wameifuta uwanjani. Kwani ina nini?"

"Hakuna. Ilikuwa inanichekesha tu. Nimekaa na mzee yule lango moja misimu mitatu. Kusoma hajui na kufundishwa hataki. Kila kitu chake alama ile ile: magunia, jembe, panga, dumu la maji ya kunywa. Akija kuchukua posho nampa kalamu, anachora ile ile."

"Naijua. Nani asiyeijua? Nyumba isiyofungwa mlango."

Ndivyo mzee mwenyewe alivyoiita. Ukuta unapanda, paa linakwenda kulia, ukuta wa pili unashuka, halafu chini mstari unarudi kidogo na kukatika kabla haujafika.

"Hiyo hiyo," Elisha alitabasamu. "Aliponunua simu, mimi ndiye niliyemwekea kufuli. Nikamwambia, Mzee wangu, hapa chora kitu ambacho hutakisahau mpaka unakufa. Akanifukuza nigeuke, eti siri yake. Nikageuka. Akachora mara moja tu, akaniambia tayari. Nikashangaa, maana vijana wenyewe wanajaribu mara tatu nne."

Mwanaidi aliacha kulia.

Alimtazama Elisha. Elisha alimtazama yeye. Na hapo hapo, wote wawili kwa pamoja, yaliwafika.

"Mungu wangu," alisema Elisha.

"Alichora nyumba yake!"

Mwanaidi alicheka na machozi usoni. Akamshika Elisha mkono, huyo huyo aliyekuwa adui yake tangu sehemu ya kwanza ya hadithi hii, akautikisa. Akageuka kwa mdogo wake kumpa habari, maana furaha ikizidi mtu anasahau hata kofi.

"Zuberi! Umesikia? Itafunguka!"

Zuberi alikuwa amefumba macho. Jasho linamtoka, na ndani ya ndege kulikuwa na baridi.

*

Dar es Salaam waliteremka. Mwanaidi hakungoja mizigo. Alisimama kando ya ukumbi, penye nguzo, akachomeka waya. Elisha alisimama hatua chache pembeni, kwa heshima. Zuberi alikuwa na mfuko wa ming'oko kifuani.

"Dada, wakili alisema usifungue chochote."

"Nitafungua nione kama imo. Kisha nitaiacha wazi."

"Twende kwanza kwake. Tukafungulie huko."

"Zuberi, tangu asubuhi una nini wewe?"

Simu iliwaka. Vitone tisa vikajipanga. Mwanaidi akasema bismillahi, akaweka kidole, akachora nyumba, akianzia mlangoni.

Simu ikakataa.

Mwanaidi akafumba macho. Akamkumbuka Mzee Abdallah msimu wa korosho, amechuchumaa mbele ya gunia na kijiti cha rangi. Anaanzia wapi? Mlangoni? Hapana. Alikuwa anaanzia chini kushoto, mkono unapanda na ukuta, na mlango anaumalizia mwisho kabisa, huku anasema karibuni.

Akachora tena. Ukuta, paa, ukuta, mlango usiofungwa.

Ikafunguka!

"Alhamdulillahi," alinong'ona, akagusa picha ya ghala.

Ukungu wa asubuhi. Mwanga mdogo wa kutosha. Pumzi za mzee zinasikika, anahema nyuma ya mti. Mlango wa nyuma wa ghala unafunguka, anatoka mtu na dumu mkononi, koti la rangi ya chungwa limemfika magotini, kofia yake imefunika uso. Moshi unaanza kutoka nyuma yake.

Koti la Faraji. Mwanaidi alilifua mwenyewe mara ngapi! Lakini Faraji ni mtu wa mabega, koti lile humkaa sawasawa. Huyu limempwaya.

Mtu yule akakohoa. Akavua kofia, akajipangusa uso kwa mkono. Akageuka upande wa simu.

Mwanaidi aliujua uso ule kabla haujageuka wote. Aliulisha uji. Aliufuta kamasi. Leo mchana ameupiga kofi.

Siku ile nilikuwa nimeliazimisha. Sasa alielewa kwa nini Faraji alimtazama vile, kwa macho ya huruma, wakati yeye anamtukana. Mume wake alikuwa anajua. Amekaa mahabusu miezi yote hiyo na jina moja mdomoni, asilitoe, kwa sababu ni la mtoto aliyelelewa na mkewe.

Aliinua macho.

Zuberi hakukimbia. Alikuwa ameweka mfuko wa ming'oko chini, taratibu, kama mtu aliyefika mwisho wa safari. Midomo yake ilikuwa inatetemeka vile vile ilivyotetemeka siku waliyomzika mama.

"Dada," alisema.

Elisha alikuwa amesogea. Kioo hakukiona, aliona uso wa Mwanaidi tu, na ulimtisha.

"Dada Mwanaidi, imo? Umemwona?"

Mwanaidi alitikisa kichwa kukubali.

"Ni Faraji?"

Mkobani simu yake mwenyewe ilianza kuita. Bila shaka ni wakili, yuko nje anasubiri. Hakuipokea. Akisema ndiyo, amemzika mume wake kwa mdomo wake. Akisema hapana, Elisha atauliza swali moja tu zaidi, na aliye jibu lake amesimama hapa hapa, hana hata nguvu ya kuondoka.

Alikifunika kioo kwa kiganja. Waya ulikuwa bado umechomekwa, pawabenki imepata joto mkononi mwake.

"Nakuuliza, dada yangu," alirudia Elisha. "Ni Faraji?"

Mwanaidi alimtazama mtoto wake wa mgongoni, akafungua mdomo kujibu.